Wakaaji wa Gortnaveel

Jumatatu, 6 Oktoba 2014

Nimepata kazi ya kumtafutia mwanamke wa Kizungu babu zake. Nina shahada ya historia kutoka Dar es Salaam, nina karatasi ya kuomba hifadhi ninayoipangia foleni kila baada ya miezi sita, na kuanzia leo ninalipwa kukaa kwenye baraza la vioo huko Bluff, hapa Durban, nikisoma majina ya wakulima wa Ireland.

Anaitwa Bi. Lorna Tierney, ana miaka sabini na moja. Tierney ni jina la baba yake. Alilirudia baada ya kuachana na mumewe, na tangu hapo naona hajapata shughuli nyingine ila kuwa Tierney. Ana taulo za vyombo zenye picha ya jani la kijani la Ireland, vikombe vyenye jani hilo na kitambaa cha kufutia miguu chenye jani hilo. Ireland yenyewe hajafika.

Hadithi ya ukoo alinisimulia kabla sijaketi. Mwaka 1882 kabaila aliwafukuza kwenye shamba lao. Watu wake walikuja na magogo wakabomoa paa huku mvua inanyesha, na mama wa nyumba akatoka na chungu cha chuma mikononi, uji bado unachemka. Mwanawe Hugh akapanda meli kuja Natal mikono mitupu. Chungu kipo rafuni sebuleni, kinapakwa mafuta kila mwezi. Alipomaliza alinishika mkono.

"Unaona, Anaïs? Hata sisi ni wakimbizi."

Niliutazama mkono wake mpaka akauondoa.

Hadithi hii anataka iwe kitabu. Tarehe 7 Desemba wanawe na wajukuu watakuja kula chakula cha mchana, na kila mmoja atapewa nakala. Hadithi anayo. Anachotaka kwangu ni ushahidi.

Jumatano, 8 Oktoba

Sensa za Wairishi za karne ya kumi na tisa karibu zote zimepotea. Nyingine ziliungua, nyingine serikali iliziharibu yenyewe. Kilichookoka ni hesabu za kodi. Katikati ya karne hiyo wakaguzi walipita kila kitongoji, wakapima kila shamba na kila kibanda, wakakadiria kila kimoja kingekodishwa kwa kiasi gani kwa mwaka. Kazi hiyo inaitwa Tathmini ya Griffith, kwa jina la aliyeisimamia, na yote imo mtandaoni. Mtu yeyote anayejua kusoma jedwali anaweza kuitumia. Bi. Tierney hajui kusoma jedwali.

Tulimpata babu leo saa tano asubuhi. Kaunti ya Leitrim, kitongoji cha Gortnaveel, mwaka 1857: Michael Tierney, nyumba na shamba. Bi. Tierney aliinuka akatembea barazani akisema, "Shamba letu, shamba letu." Nikamwonyesha kwamba safu ile ni ya mkaaji tu. Safu inayofuata ni ya aliyempangisha, na humo kuna jina la bwana mmoja mwenye jina hilohilo kwenye kila mstari wa ukurasa. Michael hakuwa na hata kiganja cha udongo. Nyumba yake imekadiriwa shilingi tano. Nyumba ya shilingi tano ni kibanda cha udongo na nyasi.

Alisema lazima kilikuwa kibanda cha kupendeza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Joto na unyevu. Tumbili wameingia jikoni wakachukua mkate mzima. Bi. Tierney aliwafuata hadi ukutani akiwaomba warudishe, tena kwa adabu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimerudi Albert Park nikakuta sebule imejaa. Ninaishi kwa Baba Mdogo Pierre-Claver, ndugu wa marehemu baba yangu, ghorofa ya tisa. Mkewe, tantine Julienne, ni Mkongo wa Uvira, kwa hiyo Kirundi hakisemwi humu ndani. Kinasemwa Kiswahili chao, nusu Kifaransa, robo Kizulu, na mimi wananiambia ninaongea kama redio ya taifa. Siku za kazi Baba Mdogo anahesabu maboksi ghalani Mobeni. Siku ya Jumapili anavaa suti, anakuwa makamu mwenyekiti wa jumuiya ya Warundi, na hatembei tena. Anawasili.

Leo aliwasili siku ya kazi. Kaka yangu Audace amepiga simu kutoka nyumbani, Rumonge, Burundi. Mzee mmoja, Yeremia, aliyekimbilia Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka 1972 na kurejeshwa juzijuzi, ametushtaki kwenye tume ya ardhi. Anasema shamba letu la michikichi, pamoja na kiwanja cha nyumba, ni la baba yake. Shauri litasikilizwa Ijumaa tarehe 12 Desemba. Akishinda, mama yangu anatoka kwenye nyumba aliyoishi miaka thelathini na mitano.

Wote wakanigeukia mimi.

"Weye ndiyo msomi," Baba Mdogo akasema. "Andika barua kwa commission. Audace ataisoma mbele yao. Fanya Kifaransa ya kuogopesha."

Nikamuuliza niandike nini. Akaniambia kweli tupu. Babu alifika mwaka 1973, akakuta pori, akalifyeka, akapanda michikichi kwa mikono yake. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na hata kichuguu.

"Iko wapi karatasi ya huyo Yeremia?" aliuliza, na sebule nzima ikacheka.

Jumanne, 21 Oktoba

Baada ya Griffith kuna vitabu vya masahihisho. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili mkaguzi alirudi kitongojini. Aliyekufa au kuhama alikatwa mstari, na jina la aliyeingia likaandikwa juu yake. Kila ziara ilikuwa na wino wa rangi yake, na mwaka uliandikwa pembeni kwa wino huohuo. Ukiwa na rangi, unasoma miaka themanini ya kitongoji kwenye ukurasa mmoja. Ofisi ya Dublin inayovitunza hutuma nakala kwa posta.

Nakala za Bi. Tierney zimefika leo. Aliagiza za rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu, amesema, karatasi za zamani zinapendeza zikiwa nyeusi na nyeupe.

Ninaona majina yamerundikana kama sisimizi juu ya mfupa. Ninaona jina la Michael Tierney mahali pake, na tena, bila shaka ni yeye, limechomekwa kwenye mstari wa chini, shamba la jirani anayeitwa Farrelly. Liliingia mwaka gani, kabla ya nani au baada ya nani, siwezi kujua. Wino wote ni kijivu. Nimemwambia aagize upya, za rangi. Akauliza kama kweli inaleta tofauti. Ameagiza.

Jumapili, 2 Novemba

Umeme ulikatwa mchana kwa zamu, mtaa mzima. Nikaketi dirishani na kuandika barua ya tume.

Ni barua nzuri, siwezi kujidai vinginevyo. Kurasa mbili, sentensi ndefu zenye viungo imara, hakuna neno la kujaza. Nimeeleza babu akiwa na panga asubuhi ya kwanza, pori likipiga kelele za wadudu, mche wa kwanza wa mchikichi kwenye shimo. Nimeandika kwamba mwenye madai hana waraka wala kumbukumbu, isipokuwa hamu ya kupata mali iliyostawishwa na wengine. Neno hilo, hamu, nimelipenda.

Baba Mdogo alinitaka nimsomee mara mbili. Mara ya pili alifumba macho kama yuko kwaya. Sidhani alielewa zaidi ya nusu. Tantine Julienne alielewa yote, maana alisomeshwa na masista. Aliuliza tu, huku akichambua mchicha, kama huyo Yeremia alikuwa na umri gani alipokimbia. Hakuna aliyejua.

Jumanne, 4 Novemba

Barua imetumwa kwa Audace. Mvua.

Jumanne, 11 Novemba

Nakala za rangi bado. Bi. Tierney ameanza sura ya tatu bila kuzisubiri: "Usiku wa Kufukuzwa". Nikamwambia wafukuzaji walikuja mchana, kwa sababu walihitaji polisi na mashahidi. Ameubadilisha usiku kuwa alfajiri.

Jumapili, 16 Novemba

Kikao cha jumuiya, kikafuatiwa na mbuzi. Alikuwepo mgeni kutoka Pietermaritzburg, Pontien, mtu wa mafuta ya mawese, mwenye kuuliza maswali ya biashara. Baba Mdogo hupanuka mbele ya mtu anayeuliza. Akaanza kusimulia jinsi babu alivyotajirika haraka kuliko yeyote Rumonge. Mwaka 1973 kafika na baiskeli. Mwaka 1974, mavuno ya kwanza, mawese yake yalijaza lori la kwenda Bujumbura.

"Mwaka mmoja?" Pontien akauliza.

"Mwaka moja tu. Mzee alikuwa mtu ya kazi."

Pontien alitafuna kwanza. "Mchikichi wangu mimi unaanza kuzaa mwaka wa nne, wa tano," akasema, kwa upole, na kuomba chumvi.

Baba Mdogo hakusikia, au alisikia akaona ni sifa kwa babu. Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Kwa wiki sita nimemcheka bibi asiyejua kulinganisha mwaka na jina, na nimeandika kurasa mbili za Kifaransa cha kuogopesha bila kufanya hesabu ya darasa la tatu. Michikichi iliyojaza lori mwaka 1974 ilipandwa na mtu aliyekuwepo mwaka 1970 au kabla yake. Pori halikuwa pori.

Nikatazama wale watu wakila. Kila mwenye umri wa Baba Mdogo pale ndani anaweza kufanya hesabu hiyo. Hawakuifanya, na hawataifanya, kwa sababu hakuna anayewalazimisha. Niliwadharau mmoja mmoja, kwa zamu, nikianza na mwenyekiti.

Kisha nikaongeza nyama.

Jumatano, 19 Novemba

Sijampigia Audace.

Jumatatu, 24 Novemba

Rangi zimefika. Bi. Tierney alikuwa kwa daktari wa macho, nikafungua bahasha peke yangu.

Mstari wa Farrelly. Mwaka 1876, wino wa kijani: Patrick Farrelly anakatwa, anaandikwa Bridget Farrelly, mjane. Mwaka 1881, wino wa buluu: Bridget anakatwa, na mahali pake pameandikwa neno moja tu, mlinzi. Wakati ule kabaila akimfukuza mpangaji aliweka mlinzi ili mtu asirudi. Pembeni, kwa buluu hiyohiyo, kwenye safu ya majengo: nyumba imebomolewa. Mwaka 1882, wino mwekundu: mlinzi anakatwa, anaandikwa Michael Tierney. Mistari miwili imeunganishwa kwa mabano, na kuanzia hapo ni shamba moja, kubwa maradufu. Mstari wake mwenyewe Michael haukuguswa. Hakuna aliyemfukuza yeye popote, kamwe. Hugh, kwa tarehe aliyonipa Bi. Tierney mwenyewe, anaondoka kwenda Natal mwaka 1889, na mzee bado yupo, shamba bado kubwa, nyumba mpya imekadiriwa pauni mbili. Mikono mitupu.

Nimesoma vya kutosha kujua maana yake. Katika miaka ile hakukuwa na aibu kubwa kule kuliko kuchukua shamba la jirani aliyefukuzwa. Watu walikataa kukuuzia chumvi.

Nilifurahi, na ninaandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilisimama barazani na zile karatasi, meli zinaingia bandarini, nikajiona nimeshikilia kitu kizito nitakachokidondosha juu ya vikombe vyake vyote.

Jumatano, 26 Novemba

Nimemwonyesha leo. Nilipanga karatasi mezani, nikamfundisha rangi moja baada ya nyingine kama mtoto, nikamwacha afike mwenyewe. Alichelewa, lakini alifika. Kidole chake kilitoka kwenye kijani hadi buluu hadi nyekundu na kurudi.

Nilikuwa nimetayarisha majibu kwa yote aliyoweza kusema. Labda ni Tierney mwingine. Labda alimtunzia mjane shamba lake. Hakusema hata moja. Aligeukia sebuleni.

"Mvua, magogo, paa," alisema. "Yote yalitokea."

Nikasema ndiyo, yalitokea, mlango wa pili.

"Basi kile chungu ni cha nani?"

Nikamwambia rekodi haisemi. Akaniomba nirudi nyumbani mapema. Nilitembea hadi kituo cha taksi nikikaribia kuimba. Niliamini kufikia jioni nakala zile zitakuwa majivu na sura ya tatu itabaki alfajiri.

Jumatatu, 1 Desemba

Hajaniita tangu siku ile. Mvua ya siku tatu. Chumba kinanuka ukungu. Audace amepiga: barua amemsomea mwalimu wa sekondari, mwalimu amesema haijapata kutokea barua kama hiyo Rumonge. Nimesema vizuri. Nikamuuliza Mama yuko wapi. Yupo shambani, amesema, anapalilia, kwani yuko wapi siku zote?

Jumapili, 7 Desemba

Nilialikwa. Nilikwenda ili nimwone akidanganya.

Wana wawili, wake zao, wajukuu watano wenye simu. Nyama ya kuchoma, saladi, keki ya kijani. Baada ya keki Bi. Tierney aligawa vitabu, akavaa miwani na kusoma sura ya tatu kwa sauti. Ilikuwa fupi. Hakuna alfajiri. Ilisema mwaka 1881 mjane Bridget Farrelly wa Gortnaveel alitolewa na nyumba yake ikabomolewa, na mwaka uliofuata Michael Tierney, babu yetu, alilichukua shamba lake. Ilisema fedha za shamba hilo ndizo zilizomlipia Hugh nauli. Ilisema hatujui Bridget alienda wapi, na kwamba anayejua aandike kwenye anwani hii.

Mwanawe mkubwa alisema, "Mama, nani alikuomba?" Akasema watoto wamefundishwa kuwa sisi ndio tuliofukuzwa, alikwisha kulisema hilo hata kazini kwake, kwenye hotuba. Mkewe akacheka kwa pua. Bi. Tierney alivua miwani.

"Hadithi ni ya kweli," alisema. "Ni sisi tu tuliokuwa upande mwingine wa ukuta."

Mwana alisema ni miaka mia na thelathini, nani ataumia? Mama yake akasema, sasa hivi, inaonekana ni wewe. Wakanywa kahawa. Nakala mbili ziliachwa mezani walipoondoka.

Nilimsaidia kukausha vyombo kwa taulo zile. Bado ni bibi mpumbavu. Alitoa keki iliyobaki nje, akisema tumbili nao wana sikukuu. Lakini ametumia siku kumi na moja kufanya jambo ambalo mimi sijalifanya kwa siku ishirini na moja, na hakuna chochote alichopata.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimeandika barua ya pili. Nusu ukurasa. Nimeandika kwamba mwandishi wa barua ya kwanza ni mimi, kwamba habari ya pori si ya kweli, kwamba michikichi ilikuwa inazaa kabla babu hajafika, na kwamba shamba lote ni la ukoo wa Yeremia. Nimeituma asubuhi.

Audace alipiga baada ya saa moja. Hakupaza sauti, hilo ndilo lililoniudhi. Aliuliza, "Mama atalala wapi?" Nikamwambia ukweli hauulizi mtu atalala wapi. Akasema kwangu mimi ni rahisi kusema, kitanda changu kiko Durban.

Jumanne, 9 Desemba

Baba Mdogo amejua. Hakunitukana. Alikaa na suti siku ya kazi, akaniambia nimemuua kaka yake mara ya pili, na ikifika Krismasi nitafute pa kulala. Tantine Julienne alisema mtoto hatoki humu. Bado wanabishana jikoni. Mimi nilikuwa na amani kubwa. Nilijiona msafi kama sahani.

Ijumaa, 12 Desemba

Nilikuwa Bluff, Bi. Tierney ameniita kupanga faili. Saa mbili na nusu Audace akapiga. Yuko kwenye benchi nje ya ofisi ya tume, barua zote mbili ziko mfukoni. Wataitwa saa nne.

"Nitoe ipi?" akauliza.

Nikasema ya pili. Nilikuwa na sauti ya kusemea jambo kama hilo, nilikwisha kuifanyia mazoezi. Hapo nikasikia mkono mwingine unachukua simu.

"Wewe mtoto," Mama akasema. "Umeandika barua mbili juu ya nyumba yangu. Ya kwanza inasema yote yetu. Ya pili inasema yote ya Yeremia. Mimi uliniuliza lini?"

Nikaanza kueleza juu ya lori la 1974. Akasema lori analijua, habari ya lori alikwisha kuichoka alipokuwa bado bibi arusi. Kisha vocha yangu ikaisha, maana kwa kiherehere nilikuwa nimemkatia Audace nikapiga mwenyewe. Nikabaki nimeshika simu iliyokufa katikati ya baraza. Bi. Tierney, aliyekuwa akimfukuza tumbili mmoja kwa gazeti, alinitazama usoni. Akaniletea simu yake ya mezani, waya wote hadi mwisho, akatoka nje na gazeti lake.

Mama alizungumza polepole, kama anavyomzungumzisha mtu wa ofisini. Michikichi ya juu waliikuta, ni kweli. Yeye alipoolewa mwaka 1979 ilikuwa mirefu kuliko paa. Ni ya baba yake Yeremia, na nyumba imejengwa juu ya kiwanja chake, hilo hakuna asiyelijua, ila wanaume hawalisemi. Lakini shamba linakatwa na mfereji. Chini ya mfereji palikuwa matete na maji ya kiuno. Pale hapakuwa pa Yeremia wala pa babu. Yeye na baba yangu walipakausha kwa jembe, misimu mitatu, mmoja akiwa na mimba ya Audace. Muhogo wa pale na ndizi za pale ndivyo vilivyonisomesha.

"Yeremia mwenyewe anajua," akasema. "Nilimwonyesha."

Nikauliza, kwani anaongea na Yeremia?

"Anakunywa maji kwangu. Ulidhani anasimama barabarani?"

Nimesoma kurasa ngapi za Gortnaveel tangu Oktoba, mstari kwa mstari, nikamcheka kila aliyesoma safu moja tu. Kuhusu Rumonge nilisikiliza wanaume wawili mbele ya sahani ya mbuzi. Na nilipoamua kuwa mkweli sikumpigia simu mtu pekee aliyekuwepo.

"Haya, andika," akasema.

Akasema kwa Kirundi, nikaweka kwa Kifaransa, nikamtajia Audace neno kwa neno, naye akaandika kwa mkono nyuma ya barua ya kwanza, kwa sababu karatasi nyingine haikuwepo. Mimi, Sesilia, mjane, mkaaji wa mahali hapa tangu 1979, nasema hivi. Mara mbili nilijaribu kutengeneza sentensi yake iwe ndefu kidogo. Mara mbili akaniuliza mbona maneno ni mengi kuliko aliyosema. Saa nne kasorobo tulimaliza. Hakuna hata sentensi moja yenye uzuri.

Jumanne, 16 Desemba

Sikukuu. Pwani imejaa watu. Tume imeahirisha, wanataka kuuona mfereji kwa macho yao. Baba Mdogo hasemi nami, anaongea na tantine kunihusu nikiwa nimekaa hapohapo.

Jumatatu, 22 Desemba

Mama amepiga mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea.

Tume ilikwenda Ijumaa, watu watano na viatu vya mjini kwenye tope. Walimuuliza Yeremia kuhusu mfereji. Alisema ndiyo, ndio mwisho wao, aliuchimba na baba yake akiwa na miaka kumi na minne, na chini yake palikuwa pa vyura. Wakaandika. Juu ni kwa Yeremia, michikichi yote na kiwanja. Chini ni kwa Sesilia kwa jina lake. Nyumba itaondoka. Yeremia amempa hadi mvua ziishe, na mabati, milango na madirisha ni vyake kung'oa.

Kwa hiyo amepoteza nyumba na sehemu iliyo bora ya shamba, na barua yangu ya kwanza, mwalimu yule anasema, ingeokoa vyote. Nilimwambia hivyo, nadhani nilitaka anikaripie. Alisema nisimpotezee vocha.

Nikauliza atajenga wapi. Karibu na ndizi, akasema, palipoinuka kidogo. Alikwisha kupapima asubuhi kwa miguu, Yeremia akishika ncha nyingine ya kamba. Nikasikia kuku, na mtu anacheka mbali.

"Una kalamu?" akauliza. "Hatua kumi na mbili kwa nane. Vyumba viwili na stoo. Mlango unatazama ziwani. Andika, usije ukasema tena hukuambiwa."

Kumi na mbili kwa nane. Vyumba viwili na stoo. Mlango unatazama ziwani.